Mbeba Maziwa wa Kanyakine na Shule ya Kaari

Kanyakine bado iko gizani Salesio Mbaka anapovuka ua wa jirani akiwa amembeba binti yake begani. Mtoto amezungushiwa blanketi mbili, miguu inaning'inia, usingizi haujakatika. Salesio anamlaza kwenye kitanda cha jirani huyo, Felicitas, anamfunika hadi masikioni, kisha ananyata hadi nje, buti zake za mpira mkononi.

Mlangoni, Felicitas anamkabidhi ndoo. Ni maziwa ya ng'ombe wake wawili. Salesio anatumbukiza kipimo cha kujua kama yametiwa maji, anamulika kwa simu, anaridhika. Anayamimina kwenye mkebe wa kwanza polepole, bila tone kudondoka.

"Akiamka mwambie nitamchukua saa moja," anasema.

"Nitamwambia, Baba Kaari. Lakini ataniuliza tena na tena."

Ni saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Salesio anafunga mikebe kwa mipira ya tairi kuukuu, anapiga pikipiki teke mara tatu, na ya tatu inaitika.

Salesio ana umri wa miaka 36 na kazi yake ni kubeba maziwa. Kila asubuhi hupitia mashamba thelathini na moja ya Imenti Kusini, akikusanya lita tisa hapa, lita nne pale, hadi kituo cha kupozea maziwa. Hulipwa shilingi tatu kwa kila lita. Siku nzuri hupeleka lita mia moja na arobaini, na mafuta ya pikipiki hutoka humo humo.

Tangu Oktoba 2023, amekuwa akimlea Kaari peke yake. Mkewe, Wambura, mzaliwa wa Embu, alikwenda Uarabuni kwa kandarasi ya miaka miwili ya kazi za nyumbani. Kaari alikuwa na miaka miwili na nusu. Sasa ana minne.

"Watu hufikiri kazi ngumu ni maziwa," anasema Salesio, akifuta mikono kwa kitambaa. "Maziwa nimezoea. Kazi ngumu ilikuwa kujua mtoto nitamwacha wapi."

Kituo cha kulelea watoto alichompeleka kwanza kilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko. Alikichagua kwa sababu moja tu: kilifunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Mwanamke mmoja alikuwa akiwatunza watoto kumi na wanne. Salesio alimwacha Kaari gizani na kumchukua saa kumi jioni.

Kwa miezi kadhaa hakuona tatizo. Mtoto hakulia akiachwa. Jioni alikuwa mtulivu, mara nyingine mtulivu kupita kiasi, akisinzia kijiko cha uji kikiwa mdomoni. Salesio alidhani amechoka kucheza.

Kisha Jumanne moja ya Aprili, umeme ulikatika kwenye kituo cha kupozea maziwa na wabebaji wakaambiwa wasilete mzigo wa jioni. Salesio akaenda kumchukua Kaari saa nne asubuhi.

"Nilifungua mlango nikakuta kimya," anasimulia. "Watoto kumi na wanne, saa nne, wote wamelala kwa mikeka. Hakuna hata mmoja anageuka. Runinga inaongea peke yake. Nikamwita Kaari. Nikamtikisa. Akafungua macho, akafunga."

Dirishani palikuwa na chupa ya dawa ya mafua, ile ya maji inayoleta usingizi, na kijiko kando yake.

Anasema mwenye kituo hakukana. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, naye akionekana mchovu, akamwambia: "Baba Kaari, wakiwa macho wote kumi na wanne, mimi ni mmoja. Nitawashika namna gani?"

Salesio alimbeba mtoto na kuondoka. Hakupiga kelele wala hakwenda kwa chifu. Wala hakumwambia Wambura.

"Niliondoa wangu nikanyamaza," anasema. "Hiyo ndiyo imenikaa."

Wakati huo Felicitas alikuwa akimuuguza mumewe hospitalini, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Kwa hivyo kuanzia kesho yake Kaari alikwenda kazini. Salesio alimfunga kifuani kwa leso, akamvalisha sweta mbili na kofia, wakazunguka mashamba pamoja.

"Wenye ng'ombe waliniuliza kama mama yake amekufa," anasema. "Nikiwaambia yuko Uarabuni, waliniangalia vibaya zaidi."

Mtoto aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa na kumtazama baba yake akimimina maziwa kutoka ndoo hadi mkebe, shamba baada ya shamba. Iliendelea hivyo miezi mitatu. Julai ilipofika na ukungu ukashuka, Kaari alianza kukohoa. Siku ya nne alipelekwa hospitali akihema kwa shida. Ilikuwa homa ya mapafu. Walilala huko siku tano.

Siku ya pili Wambura alipiga simu ya video. Salesio alijaribu kuielekeza usoni mwa mtoto tu.

"Baba Kaari, hiyo ni nini kwa mkono wa mtoto?"

"Ni dawa."

"Dawa gani ya kufungwa kwa mkono? Geuza simu."

Aligeuza. Wambura aliona mrija, kitanda na ukuta wa wodi. Ndipo yote yakatoka: kituo, chupa ya dawa, pikipiki, baridi. Salesio anasema mkewe alilia bila sauti kwa sababu mwajiri wake alikuwa chumba cha pili. Alipopata maneno, alisema jambo ambalo Salesio hakulitarajia.

"Akitoka hapo, mtafutie shule ya Montessori."

Salesio hakuwahi kusikia neno hilo. "Nilidhani ni dhehebu," anakiri. Alimwomba alitaje tena polepole, akaliandika kwenye kiganja kwa kalamu ya muuguzi.

Shule ya kwanza aliyoiendea, kilomita chache kutoka nyumbani, ilikuwa imeandikwa neno hilo langoni kwa rangi tatu. Ndani, watoto walikaa kwenye madawati wakiimba herufi kwa pamoja. Kaari alipewa penseli na karatasi. Aliishika kama mwiko.

"Mzazi, huyu bado," mwalimu alisema. "Hajui kushika penseli."

"Ana miaka mitatu."

"Wenzake wanaandika moja mpaka ishirini."

Salesio alimuuliza ni wapi hasa hiyo Montessori. Anasema mwalimu alimwonyesha lango.

Shule ya pili ilikuwa Kinoru, mjini Meru, zaidi ya kilomita ishirini kutoka kwake. Aliombwa avue buti mlangoni, na akaingia na soksi iliyotoboka kidole. Ndani hapakuwa na kelele. Watoto walikaa kwenye mikeka midogo, kila mmoja na shughuli aliyoichagua mwenyewe, kama mtindo wa Montessori unavyotaka. Mmoja alikuwa akisugua meza kwa sabuni kwa makini sana, ingawa meza ilikuwa safi.

"Nilitamani kubaki mimi mwenyewe," anasema.

Karo ilikuwa shilingi 38,000 kwa muhula, na milango hufunguliwa saa mbili asubuhi. Kaari hakutaka kuondoka. Alilia kutoka Kinoru hadi karibu na nyumbani, kisha akalala. Salesio alisimamisha pikipiki kando ya barabara akakaa tu. Anasema hakumbuki alikaa muda gani.

Habari za shule ya tatu alizipata kwa mwenye ng'ombe mmoja ambaye mjukuu wake alikuwa huko. Ilikuwa duka la zamani la pembejeo, si mbali na soko la Kanyakine, lililokodishwa na Mwalimu Marcella. Alikuwa amefundisha miaka kumi na moja jijini Nairobi kabla ya kurudi nyumbani kumtunza mamake. Alikuwa na watoto kumi na saba na msaidizi mmoja. Vifaa vyake vingi vilichongwa na seremala wa Igoji.

Salesio alichungulia akaona watoto wakiosha vikombe na kuhamisha maharagwe kutoka bakuli moja hadi jingine.

"Mwalimu, usinikasirikie," alimwambia. "Nilipe karo mtoto afundishwe kuosha vyombo?"

Marcella alicheka. "Baba Kaari, keti. Mwache atembee. Usimwite."

Kaari alizunguka chumba mara moja. Hakugusa herufi za mbao wala vitalu. Alisimama mbele ya sinia yenye jagi dogo la maji, faneli na chupa mbili. Akatazama. Kisha akapiga goti, akaweka faneli, akashika jagi kwa mikono miwili na kumimina, polepole, akisimama kidogo maji yalipokaribia shingo ya chupa. Akahamia ya pili. Sinia ilibaki kavu.

"Nani amemfundisha?" Marcella aliuliza.

"Nilimwonyesha mikebe kwenye pikipiki nje," Salesio anasema. "Kule kwingine walisema hajui kitu."

Lakini Wambura alikuwa amemtumia picha za shule anayoijua na hakuridhika na duka la pembejeo. Alitaka kuzungumza na mwalimu. Salesio aliweka simu kwenye sauti ya juu.

Maswali yalikuja moja baada ya jingine. Mtoto anachagua shughuli mwenyewe? Akikosea anasahihishwa mbele ya wenzake? Wa miaka mitatu na wa mitano wanakaa pamoja? Ule mnara wa vitalu vya pinki upo?

"Dada," Marcella alisema, "wewe ni mwalimu?"

"Hapana. Mimi ni msichana wa kazi. Kuna mtoto wa hapa ninayempeleka shule kama hiyo. Ninamngojea kwa kibaraza mpaka amalize, na dirisha ni kubwa."

"Nimezungumza na wazazi wengi," Marcella alimwambia mwandishi huyu. "Huyo ndiye aliyekuwa ameangalia kwa makini kuliko wote, na alikuwa akiangalia mtoto wa mtu mwingine."

Kaari alianza Septemba hiyo. Karo ni shilingi 9,500 kwa muhula. Mume wa Felicitas alikuwa ameshazikwa, na Felicitas mwenyewe ndiye aliyejitolea kuwa na mtoto alfajiri. "Nyumba ilikuwa imenyamaza sana," anaeleza.

Hilo halikumaliza uchovu. Shule hufungwa saa saba mchana, na Salesio amelazimika kumwachia mwenzake mzunguko wa jioni uliokuwa ukimpa shilingi 240 kwa siku. Tena, mwalimu amewataka wazazi wasiwafanyie watoto wanachoweza kujifanyia.

"Mtu ameamka saa kumi," Salesio anasema. "Amebeba mikebe. Sasa amesimama mlangoni anangoja mtoto afunge vifungo vinne. Cha tatu kikikosea anafungua vyote anaanza upya. Na huruhusiwi kusaidia! Kuna siku nilitoka nje nikaegemea ukuta."

Mama mkwe wake, fundi wa cherehani anayeishi Majimbo, Embu, haelewi. Kila Jumapili hupiga simu na kuuliza kama mtoto anajua A mpaka Z.

"Nikamwambia anajua kufunga vifungo. Akasema nimpeleke kwake."

Alikataa. "Nikimpeleka Embu, hapa nitabaki na mikebe."

Kandarasi ya Wambura inaisha Oktoba mwaka huu. Mwajiri alimtaka aongeze miaka miwili, kwa mshahara mkubwa zaidi. Kwa wiki tatu mume na mke walizunguka jambo hilo kwenye simu bila kuligusa.

"Sikumwambia arudi, sikumwambia abaki," anasema Salesio. "Ningesema arudi, tukikosa pesa, wa kulaumiwa ni mimi. Ningesema abaki, mtoto akikosa mama, ni mimi."

Jumapili iliyopita Wambura alimwambia kwamba amekataa.

Wamepanga Wambura akirudi afunzwe na Marcella miezi mitatu, kisha wafungue kituo chao karibu na soko, kwa watoto wa wauza mboga na wabeba maziwa ambao bado ni wachanga kwa shule. Kitafunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Watoto watakuwa sita.

"Wa saba akija tutamwambia mama yake ukweli, nafasi hakuna," anasema. Chumba kile cha nyuma ya soko bado kiko wazi. Hupita mbele yake kila siku na mikebe, na anasema atakuwa amekwenda kwa chifu kabla ya Oktoba. Amelisema hilo mara mbili katika mazungumzo haya, kama mtu anayejishurutisha.

Kaari anamjua mama yake kwa simu. Salesio amemuuliza mwalimu afanyeje siku mama huyo atakaporudi, na ameambiwa asimlazimishe mtoto kumkumbatia. Wakae tu chumba kimoja, mtoto aende mwenyewe akiwa tayari.

Tayari amepata mtu wa kumbebea maziwa siku mbili. Jamaa zake wanataka kuchinja mbuzi. Yeye hataki sherehe.

"Wakae wazoeane, hao wawili," anasema Salesio Mbaka, akiinua mkebe mtupu kuurudisha kwenye pikipiki. "Mimi nitaingia chumbani, nifunge mlango, nilale mpaka saa sita. Na nikisikia mtoto amelia, nataka nisiamke. Nataka awe ni mama yake anayeenda."