Siku Nilipofyeka Minyaa ya Baba Mkwe

Bora nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka ninyi: mimi ndiye yule mkwe aliyemkumbatia mama mkwe wake msibani, mbele ya ukoo mzima, kule Kimali.

Tulikuwa tumetoka Bariadi na jeneza la mzee, baba yake Minza, mke wangu. Gari likashindwa kupita langoni kwa sababu ua wa minyaa ulikuwa umeota ukabana njia. Watu wakasema tumbebe, ni hatua ishirini tu. Ingetosha kabisa. Lakini mimi (mtu wa ofisi, mzaliwa wa Njombe, ambaye mashemeji walikuwa wakinong'ona kwamba jembe nalishika kwa ajili ya kupigwa picha) nikasema mzee hawezi kuingia kwake kwa kubanwabanwa, nikavua koti, nikaomba panga.

"Shemeji, hiyo ni minyaa," akasema Masanja, kaka yake Minza. "Maziwa yake..."

"Ni kichaka tu, bwana," nikamkatisha.

Nikafyeka kwa hasira, jua la saa nane linachoma, utomvu mweupe unaruka kila upande, jasho linatiririka, nikajifuta uso kwa kiganja. Jamani! Macho yaliwaka moto, nikatupa panga nikaenda nikipapasa na kulia kwa sauti, na wazee wakadhani ni uchungu wa msiba wakaniacha (nilimsikia mmoja akisema, "Huyu alimpenda kweli"), hadi nikaangukia upande wa akina mama nikamng'ang'ania wa kwanza niliyemgusa.

"Mama, maji! Napofuka!"

Vilio vikakatika ghafla. Usukumani mkwe hamgusi mama mkwe wake, hata njiani humpisha kwa mbali.

"Achia, shemeji," Masanja akasema. "Huyo ni mayu, mama yake Minza."

Niliachia nikapiga magoti, nikitamani nizikwe mimi. Nilijua atanikimbia. Badala yake nikasikia, "Leteni maji. Mengi. Lala chali, ng'wanawane, mwanangu." Akanishika kichwa kwa mikono yake, akamwaga ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wazee wakamwita kaburini, jua linakwenda. Wakamwita tena.

"Nendeni," akawajibu. "Huyu nikimwacha atapofuka."

Basi wakamzika mumewe bila yeye. Tulisikia wote wawili udongo ukiangukia jeneza, yeye akiendelea kunimwagia maji.

Jicho la kushoto hadi leo linaona ukungu. Nilipeleka mbuzi wa kuomba radhi, ukoo ukapokea, lakini nimpe nini yule mama? Sasa nampisha kwa mbali kama inavyotakiwa, naye hupita akitazama chini.

Naapa sitagusa tena kichaka cha watu kabla sijauliza jina lake na tabia yake. Na hata lile jina si kwamba sikuambiwa. Mzee mwenyewe alisimama nami pale langoni, mara mbili, akauonyesha kwa fimbo ule ua: "Minyaa hii, baba, usiichezee, inapofua." Nilikuwa nachezea simu.