Chale si za Kufunikwa

Mji ule uko ufukweni, na maji ya moto yanatoka ardhini yenyewe, mengine yanamwagika baharini bila mtu kuyaoga. Nilikasirika. Sisi kwetu Nkuhungu bomba likitoa maji mara mbili kwa wiki tunamshukuru Mungu.

Tulikuwa Japani kwa mafunzo ya kazi, mimi na dada mmoja wa ofisini kwetu Mtumba. Siku ya mapumziko wenyeji wetu wakatupeleka kuoga kwenye nyumba ya chemchemi. Huko wanawake wanaoga pamoja, bila nguo hata moja. Hilo halikunitisha. Kilichonikwamisha ni chale.

Ninazo sita, chini ya shingo. Bibi yangu alinichanja nikiwa mdogo, kifua kimenibana na hospitali iko mbali, akasugulia dawa nyeusi. Aliyeniponya ni bibi au ni Mungu, sijui, ila nipo.

Nilipovua, mama mhudumu akaziona. Akainama kwa adabu, akanionyesha tangazo: wenye michoro mwilini hawaruhusiwi kuingia bwawani. Kisha akanipa plasta pana za rangi ya ngozi. Ngozi yao, lakini.

"Bandika tu, mdogo wangu," dada akaninong'oneza, taulo kajifunga mpaka shingoni. "Usituaibishe ugenini. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho."

"Dada, hata nyumbani nimelifumba miaka yote."

Na ni kweli. Mtumba navaa blauzi za kufunga mpaka kooni, hata jua la Oktoba likiwaka, kwa sababu siku moja mtu aliziona akaniuliza mbele za watu mganga wangu anakaa wapi. Nilicheka naye. Mpaka leo kicheko kile kinaniuma.

Nikaandika kwenye simu, ikatafsiri: hii si michoro, ni matibabu ya bibi yangu. Mama akasoma mara mbili, akaenda kuuliza, akarudi na jibu. Niruhusiwe kuoga peke yangu, kwenye chumba chenye mlango. Alisema kwa wema kabisa. Nikakataa. Kufichwa kwa wema ni kufichwa vilevile. Nikavaa nikatoka.

Kando ya barabara kuna mfereji wa maji ya moto, mpita njia yeyote anakaa na kuloweka miguu. Nikakaa. Nikafungua vifungo vitatu vya blauzi, upepo wa bahari ukanipiga kifuani, na watu wakapita wakitazama. Watazame. Nilikuwa na hasira na furaha kwa pamoja.

Baada ya saa nzima dada akatoka, uso unang'aa, akaketi karibu yangu. Alipoinama kukunja pindo la joho la pamba alilopewa kule ndani, aloweke miguu, likalegea kifuani, nikaona plasta mbili, zilezile.

Miaka sita tumekaa meza moja.

"Dada," nikasema, "bandua."

Akatazama barabara huku na huku, kama mtu anayetaka kuvuka. Akabandua moja.