Kitabu Chenye Mgongo

Walimu vijana wakisikia kwamba niliwahi kuandika hadithi, hunijia na maswali. Mswada unapelekwa kwa nani? Mchapishaji gani anapokea watu wasiojulikana? Kuna semina mahali? Huwa nawajibu, maana si vizuri kumnyima mtu kitu ninachokijua, lakini nawajibu kivivu, na wao hudhani ni maringo. Si maringo. Nimechoka tu.

Miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha shule ya msingi huko Mwala, na hadithi yenyewe niliiandika kwa mkono katika madaftari ya mazoezi. Ilitokana na masimulizi ya baba. Wakati wa njaa moja, watu wa kijiji chetu walibeba mawe wakajenga ukuta kukatiza mto wa mchanga, ili mvua ikinyesha maji yabaki chini ya mchanga ule. Waliifanya kazi hiyo kwa mwethya, jirani akimsaidia jirani bila mshahara, huku wakiimba. Baba alikuwa kijana miongoni mwao. Nilipoanza kuandika, wenzake wengi walikuwa wamekwisha kufa, na alichotaka ni kimoja tu: asome kwa macho yake aone kama nimewatendea haki.

Aliyenisaidia kwanza alikuwa mpiga chapa mmoja mjini Machakos, mwanamke aliyezoea mitihani ya shule na programu za mazishi. Alitumia karatasi ya kaboni ili nibaki na nakala. Kila mhusika wangu alipokufa, alinyanyua uso akaniuliza picha ya marehemu itakaa wapi.

Nilizibeba zile karatasi hadi nyumbani, nikampa baba. Alizipima uzito mkononi, akanirudishia.

"Mwaitu, hii si kitabu," alisema. Aliniita mwaitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Hii ni karatasi. Kitabu iko na mgongo. Wakishachapa, utaniletea nisome."

"Soma tu, tata," nilisema, nikimwita baba kwa lugha yetu. "Uniambie kama nimekosea mahali."

"Nisome kitu haijaiva? Wacha ningoje."

Sikumshurutisha. Mimi mwenyewe niliamini hivyo hivyo, kwamba kitabu ni kile kinachotoka Nairobi, na haya mengine ni karatasi.

Maktaba ya mjini ilikuwa na orodha ya wachapishaji, ya zamani kidogo. Nusu yao walikuwa wamehama ofisi. Kisha ikaja semina, katika ukumbi wa kanisa mjini, na mwandishi kutoka Nairobi akatufunza mambo ya maana kweli. Andika upande mmoja wa karatasi. Acha nafasi pembeni. Usikose nakala. Usiwasumbue kwa simu. Zaidi ya yote, tia ndani bahasha kubwa yenye stempu na anwani yako mwenyewe, ili wakiukataa mswada wako waweze kuurudisha. Tuliandika yote. Kuhusu kungoja hakutufunza lolote, na mimi naona hapo ndipo tulipohitaji mwalimu.

Nilipotuma mswada Nairobi sikuwa na sanduku la posta, kwa hiyo nilitumia la parokia kama watu wengi wa kwetu. Katekista ndiye aliyechukua barua mjini, na Jumapili baada ya Misa, kabla watu hawajatawanyika, alisimama mbele akaita majina. Ukiitwa unakwenda kuchukua barua yako mbele ya watu wote.

Nilikuwa nimeanza kusahau, Jumapili moja, alipoliita jina langu na kuinua bahasha kwa mikono miwili. Hata nikiwa kwenye benchi la nyuma niliutambua mwandiko uliokuwa juu yake, kwa sababu ulikuwa wangu. Lakini kanisa lilipiga makofi. Baba alikuwa ameshawaambia wote kwamba mimi ni mtu wa vitabu, na kwetu barua nyembamba ilikuwa ya kuomba karo au ya kusema fulani amelazwa. Bahasha nene haikuwahi kuleta habari mbaya. Mama mmoja akapiga vigelegele. Upande wa wanaume baba alisimama, akaweka koti lake sawa, akabaki amesimama. Nikatembea hadi mbele, nikapokea kukataliwa kwangu kwa mikono miwili, nikasema asante.

"Lakini ni nene," baba alisema nilipomweleza tukiwa nyumbani.

"Ni nene kwa sababu wamerudisha yote, tata."

"Basi pelekea wengine."

Ndani mlikuwa na maelezo mafupi. Hadithi ni nzuri, mhariri alisema, ila mazungumzo ya wazee ni marefu na hayaingiani na silabasi. Nikiipunguza iwafae watoto wa darasa la sita, na kuongeza maswali ya ufahamu, wataiangalia tena. Nikakata. Nikaondoa pombe, nikaondoa matanga, nikawaondoa wazee wenyewe mmoja mmoja, na mahali pao nikaandika: Kwa nini wanakijiji walibeba mawe? Nikaituma tena. Walinipiga danadana mpaka yule mhariri akaacha kazi, na aliyemfuata akasema silabasi imebadilika. Nilichukia sana. Kisha hata chuki ikanichosha, nikaipeleka kwa wengine, na bahasha nene zikaendelea kuja. Makofi yalipungua. Mwishowe katekista akaacha kuliita jina langu, akawa ananipa bahasha kando, nyuma ya kanisa. Alikuwa ananihurumia, na huruma ile iliniumiza kuliko makofi.

Baba hakuacha kuuliza. "Wamefikisha wapi?" aliuliza kila nilipotoka mjini. Nilianza kuona kwamba kitabu cha nyimbo anakishika mbali, halafu kwa pembeni, halafu hakishiki kabisa, anaimba zile anazozijua kwa moyo. Nilimpeleka hospitali Machakos. Daktari alisema ni presha ya macho, na uwezo wa kuona uliokwisha kupotea haurudi. Nikavunja sheria ya semina, nikapiga simu Nairobi, nikasihi. Mwanamke mpole aliniambia kamati haijaketi. Nikauliza itaketi lini. Akasema nisubiri.

Tulikuwa tumeingia miaka ya elfu mbili niliposema basi. Karibu na soko la Machakos palikuwa na fundi wa kujalidi Biblia zilizochakaa. Nilitoa nakala ile ya kaboni, ya kwanza, yenye wazee wote na pombe yao, nikampelekea. Aliijalidi kwa kitambaa cheusi kigumu, akapiga jina la hadithi kwa rangi ya dhahabu.

Nilimkuta baba ameketi nje ya jikoni, uso ameuelekeza kwenye jua. Nilimwekea mapajani. Alipitisha kidole gumba juu ya mgongo ule, akakipandisha, akakishusha.

"Sasa hii ni kitabu," alisema.

"Si cha Nairobi, tata. Nimekipeleka mwenyewe kwa fundi."

"Iko na mgongo. Nisomee."

Nikamsomea. Alicheka mahali nilipotaka acheke, na jina la kila mwenzake lilipotajwa aliguna kidogo, kama mtu anayeitikia salamu. Nilifurahi, furaha ambayo sikuwa nimeionja kwa miaka mingi. Tukafika siku walipoanza ukuta, na kijana mmoja mwenye nguvu akaweka jiwe la kwanza.

"Ngoja hapo," alisema. "Si huyo. Jiwe ya kwanza iliwekwa na rafiki yangu, yule alikuwa anachechemea. Watu walimcheka, wakasema hataweza kubeba. Akabeba. Wewe umempatia mtu mwingine."

Wino ulikuwa umekauka miaka mingi, na kitabu kilikuwa kimekwisha kushonwa. Mkono wake ulitafuta ukurasa, ukatulia juu ya mistari asiyoiona.

"Hiyo ningekuonyesha kitambo, mwaitu," alisema, "kama ningesoma zile karatasi."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi niliziona ni karatasi tu. Nikauondoa mkono wake polepole, nikaendelea kusoma pale nilipokosea.