Nilijisifia mishipa ya miguu kutokeza, kumbe mazoezi yangu yananiumiza

Wakuu, salamu kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nipo Katoro, nasaga mawe ya dhahabu kwenye karasha. Kazi ya kusimama kutwa. Jioni napitia gym yetu ya uani, vyuma vyenyewe ni makopo yaliyojazwa zege.

Huku kwetu mwanaume mwenye mishipa iliyotokeza miguuni anahesabika ana nguvu. Yangu ilipoanza kujikunja nyuma ya goti la kushoto, washikaji wakanisifu.

Nikavimba kichwa. Nikaongeza uzito, nachuchumaa na chuma huku nimebana pumzi, na paja nalifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili mishipa izidi kuonekana. Cheka tu, ruksa.

Baadaye mguu ukawa mzito kila jioni. Kifundo kinavimba, ngozi inawasha.

Mshikaji mmoja wa gym akasema, "Hiyo damu chafu. Piga chale juu ya mshipa itoke."

Nikaona ana hoja. Nikanunua wembe, nikaja nao nyumbani.

Mke wangu akauona. "Baba Kulwa, ukijichanja hapo mimi sifuti damu. Twende hospitali." Aliongea taratibu, na hapo ndipo nikaogopa.

Daktari akapima kwa ultrasound. Hakuna damu iliyoganda. Shida ni kwamba valvu za mishipa zimelegea, damu inayotakiwa kupanda inarudi chini.

Akasema misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu ya kuipandisha, kwa hiyo kutembea na baiskeli kunasaidia. Mishipa haitapotea, ila maumivu yatapungua. Vyuma vizito huku umebana pumzi vinaongeza presha miguuni. Ule ukanda ndio kabisa, unaziba njia. Akaniandikia soksi za kubana.

"Na ungechanja pale ungevuja damu vibaya," akasema. Mama Kulwa hata hakunitazama.

Kisha daktari akauliza nani nyumbani ana mishipa kama hii, maana inaweza kuwa ya ukoo. Nikajibu hakuna.

Jumapili nikaenda Didia kumsalimia mayu, yaani mama yangu. Nikamwonyesha mguu.

Akapandisha kitenge. Mishipa yake mikubwa kuliko yangu, na ngozi ya juu ya kifundo imekuwa nyeusi.

"Nilidhani ni mimi tu, mwanangu. Niliona aibu."

Wakuu, nililia. Miaka yote mayu hainuki kucheza kwenye harusi za ndugu, na sisi watoto wake tulikuwa tunasema anaringa.

Wiki hii nampeleka kwa daktari yule yule.

Nilichojifunza: mazoezi ni mazuri, ila mshipa uliojikunja upimwe kwanza kabla hujaongeza chuma. Na mzazi wako mwulize habari za miguu yake, hatakwambia mwenyewe.

Aliyewahi kuvaa hizo soksi kwenye joto la huku aniambie anazivumiliaje, maana mayu ameziona zangu na ameshaanza kuzikataa.