Benchi la Daktari Isidore

Watu wa Bukavu na wa mbali zaidi wanamjua Daktari Isidore kwa maandishi yake. Ameandika juu ya homa za watoto, juu ya wamama wanaojifungulia njiani, juu ya wazee wanaomeza nusu ya dawa na kuficha nusu kwa ajili ya siku mbaya. Hakuna hata andiko moja lililoanzia maabara. Yote yalianzia chumba cha kupokea wagonjwa cha kituo chetu cha afya hapa Baraka, kando ya ziwa, chenye dirisha lisilofungika, na mimi muuguzi wake, Pulchérie, nilikuwa nachoka kumsubiri amalize kuuliza. Mgonjwa akija na kikohozi, daktari mwingine angemsikiliza kifua na kumpa vidonge. Huyu anauliza analala wapi, anapikiwa na nani, na kwa nini amekuja leo na si wiki iliyopita. Tulimwita Dokta Juu-ya-Nini, yaani Dokta Kwa-Nini. Alijua, na hakukasirika.

Aliwahi kupata nafasi ya kuwa mpasuaji, akaikataa. Alisema mpasuaji humwona mtu mara moja, tena amelala. Yeye alitaka kumwona mtu yuleyule kila msimu, na mama yake, na mtoto wake. Nilimwambia mpasuaji hulala kwenye nyumba ya matofali. Akasema na mimi ningeweza kuolewa na mpasuaji.

Nitasimulia kazi yake moja tu, ile ya watoto wa kuhara. Wanaoisoma hawajui ilitoka wapi, na inaniudhi wakiizungumzia kana kwamba ilitoka mezani.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya nchi yetu. Waasi walikuwa wameushika mji, wanaume wengi walikuwa wamekimbilia milimani au wamevuka ziwa kwenda Kigoma, na wanawake walibaki na watoto na askari. Watu walikunywa maji ya ziwa kama yalivyo, kwa sababu kwenda kutafuta kuni za kuyachemsha kulikuwa kuitafuta bunduki. Kuhara kukaja. Dawa yake ya kwanza si ngumu: maji safi, sukari, chumvi, kijiko kwa kijiko, mapema. Neno lenyewe ni mapema. Wamama wetu walikuwa wanakuja mtoto macho yameshazama, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Wengine walitufia mikononi. Na hawakutoka mbali; nyumba zao tulikuwa tunaziona kutoka mlangoni.

Daktari aliumia sana. Akafanya kile ambacho vitabu vinashauri: akawatengea watoto wa kuhara mahali pao, wasiambukize wengine na mama zao wasisubiri foleni. Tuliweka benchi refu barazani, mbele kabisa, upande wa barabara, penye kivuli na upepo. Mwenye mtoto wa kuhara anakaa pale, anapewa kikombe na kijiko papo hapo. Tulijivunia benchi lile. Wamama wakazidi kuchelewa.

Ndipo alipoanza utafiti. Akazunguka nyumba kwa nyumba na swali lake: juu ya nini haukukuja mapema? Wakamjibu kwamba hakuna wa kubaki na nyumba, kwamba wanaogopa askari, kwamba walidhani ni meno yanaota.

"Bananijibu vizuri sana, Mama Pulchérie," aliniambia. "Na mi siamini hata jibu moja."

"Basi acha kuuliza, Dokta."

"Nikiacha, nitaandika kama ni ujinga yao. Njo vile kila muntu anaandika."

Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini wakati wa vita kuuliza ni kosa. Wakubwa wa waasi kule Fizi walisikia kuna daktari anayewauliza wanawake waume zao wako wapi na wanapita njia ipi. Gari likaja asubuhi, likamchukua. Georgette, mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, alisimama mlangoni na binti yao Vanessa mgongoni, mtoto bado ananyonya. Nyumba yao ilipakana na shule, na shule siku hizo ilikuwa kambi ya askari. Ukuta mmoja tu ulikuwa katikati.

Zaidi ya mwezi hatukupata habari ya kweli. Mara amepigwa risasi, mara anamtibu mkubwa wao na anakula nyama kila siku. Niliendesha kituo roho juu. Gari likilia barabarani, niliweka sindano chini nikakimbilia mlangoni. Mwanzoni Georgette alikuwa anapita kuniuliza kama nimesikia neno, halafu akaacha kupita. Nilidhani amechoka kuambiwa bado.

Siku aliyorudi, Daktari alishuka kutoka Fizi kwa miguu, akapita kituoni kwanza. Alikuwa amekonda, viatu vimekwisha. Hawakumpiga. Walimfanya awatibu askari wao, kisha wakachoka na maswali yake wakamfukuza. Alicheka akisema hivyo. Nikamsindikiza nyumbani, maana nilitamani kuona furaha ya mtu hata mmoja katika mji ule.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, mchana. Georgette alifungua kidogo, akamwona mume wake, akarudi nyuma. Vanessa alikuwa amelala kwenye mkeka. Midomo imekauka, macho yamezama, analia bila machozi. Daktari alipiga magoti, akambana ngozi ya tumbo. Ngozi ikabaki imesimama.

"Toka lini?"

"Toka juzi."

"Kituo iko pale, Georgette. Unaiona ukikaa kwa mulango. Juu ya nini haukukuja mapema?"

Aliuliza kwa sauti ileile aliyowauliza wamama wa mji mzima. Yeye hakujisikia. Mimi nilimsikia.

"We haukukuwa," Georgette alisema. "Mwezi muzima haukukuwa, na basoda ba kambi balikuwa hapa nyuma ya ukuta. Niende kukaa na mutoto wa kunyonya kwa ile benchi yako, batu bote ba barabara baone?"

Kuna neno kwetu, na ng'ambo ya ziwa wanalo pia: kubemenda. Mtoto anayenyonya akihara, wazee husema mama ametembea na mwanaume mwingine, maziwa yameharibika. Nililijua tangu utoto, na Isidore vilevile. Tulipokwenda kusomea kazi zetu tuliliacha kwa bibi zetu, tukadhani na mji mzima umeliacha huko. Kumbe vita vilikuwa vimelirudisha, tena kali zaidi. Mume yuko milimani, askari wako mjini, mtoto anahara: lisemwalo lipo, watu wangesema. Nasi tulikuwa tumewawekea wanawake kizimba cha mahakama kando ya barabara, tukawapa na kikombe. Hayo ndiyo aliyoyaandika baadaye kwa maneno ya kitaalamu, na vituo vingine vikaondoa mabenchi yao ya mbele, vikapokea watoto wote kwa mlango mmoja.

Lakini siku ile hakukuwa na andiko, kulikuwa na mtoto. Nilimwona Daktari akielewa. Nikaona na jambo jingine, na hilo liliniogopesha zaidi. Ni mtu wa vitabu, anajua kuhara kunatoka kwenye maji. Ni mwanaume pia, na mwezi mzima alikuwa kati ya askari akiwasikia wanavyowazungumzia wanawake wa mji. Aliangalia upande wa ule ukuta wa shule. Akamwangalia mke wake. Swali lilikuwa limemfika mdomoni kabisa, na Georgette aliliona, akakaza uso.

Vanessa akatapika. Daktari akamnyanyua.

"Tupite nyuma ya kituo," nikasema. "Mi niko na ufunguo. Hakuna muntu atajua."

Daktari alinipita. Alishika barabara kubwa, mtoto begani, Georgette nyuma yake amejifunika kitenge mpaka machoni. Mtu aliyetoka kifungoni husalimiwa. Hakuna aliyemsalimia. Alifika barazani, akakaa katikati ya benchi, akamwonyesha mke wake nafasi. Georgette hakukaa. Alisimama ameshika nguzo.

Kwetu baba hampakati mtoto wa kuhara mbele za watu. Hiyo ni kazi ya mama na ya bibi. Baba akimpakata, anawaambia watu kwamba hana shaka na mke wake. Mama Zubeda, mzee anayeuza mihogo ng'ambo ya barabara, aliacha mihogo yake akaja kusimama mbele yetu.

"Dokta, ulikuwa Fizi."

"Nilikuwa Fizi, Mama."

"Na mutoto anahara."

"Anahara, Mama. Ni maji ya ziwa."

Mama Zubeda alimtazama Georgette kuanzia miguuni hadi kichwani. Hakuondoka.

Nikaleta kikombe. Kijiko, tunasubiri. Kijiko, tunasubiri. Mtoto akatapika, tukaanza upya. Nilitayarisha maji ya kuingiza mshipani huku nikiomba nisiyatumie, kwa sababu mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji haupatikani kirahisi. Niliogopa mambo mawili. Niliogopa mtoto afe pale mbele ya wote, na lile neno lipate ushahidi wa kudumu. Niliogopa pia apone, na lile swali limtoke baba yake. Watu waliongezeka barabarani, wakijifanya wana shughuli.

Jua lilipokuwa limegeuka, Vanessa aliacha kutapika. Baadaye alikiuma kijiko, asitake kukiachia. Georgette akasogea, akakaa kwenye ncha ya benchi. Daktari akamgeukia. Alimtazama muda mrefu, mdomo ukafunguka, na Georgette akakiondoa kitenge usoni.

"Uliza," alisema. "Mi najua uko unataka kuuliza."

Daktari akamtazama mtoto mapajani mwake.

"Toka tumekaa hapa," akasema, "amekojoa?"

Ni swali tunalomuuliza kila mama wa mtoto mkavu, kwa sababu mkojo ukitoka, mtoto anarudi. Georgette alimchukua mtoto kwenye mapaja ya baba yake, akaingiza mkono chini ya nguo, akakaa nao hapo.

"Njo anakojoa sasa," alisema. "Iko moto." Akaanza kulia, barabara nzima ikimtazama, na hakujifunika.