Picha ya Mlango wa Wanawake

Kanisa letu la zamani, kule upande wa Itaka, lilikuwa na milango miwili. Wanaume waliingia kwa mlango wa mashariki uliotazama barabara, wanawake kwa mlango wa magharibi uliotazama kijito, na ndani kila upande ulikaa kwake. Nilikulia humo bila kuona ajabu yoyote. Hasira ilinianza ukubwani, nikiwa tayari mwalimu wa shule ya msingi, siku niliyopewa kazi ya kufuta vumbi kwenye picha zilizotundikwa ofisini kwa mchungaji.

Zilikuwa picha za fahari. Moja ilikuwa ya wamisionari na wazee wa kanisa wa mwanzo, wamevaa makoti mazito, wamesimama kama watu waliokatazwa kupumua. Nyingine ilipigwa muda mfupi baada ya Uhuru: kiongozi wa serikali changa, kijana mwembamba mwenye fimbo mkononi, katikati ya wazee walewale waliokwisha kuota mvi. Juu ya zote alikaa Rais. Nilipomaliza kuzirudisha ukutani ndipo nikagundua kwamba kila picha ya kanisa ilipigwa kutoka barabarani, mbele ya mlango wa wanaume. Ya upande wetu wanawake haikuwapo hata moja. Mgeni angeziangalia akaapa kwamba kanisa lile lina mlango mmoja, tena lilijengwa na wenye ndevu peke yao.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa bado hai. Wanawake wa rika lake ndio waliochota maji kijitoni, wakakanyaga udongo wa matofali kwa miguu yao na kubeba kuni za tanuri. Wanaume walifyatua na kujenga, sikatai, ila sijaona tofali lililofyatuliwa kwa udongo mkavu. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kufa. Alibaki yeye, macho yameingia ukungu, na maisha yake yote hakuwahi kupigwa picha.

Na muda ulikuwa umetubana. Tangu watu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, kanisa lilifurika hadi wengine wakawa wanasali nje, madirishani. Kamati ikaamua kulipanua, na ukuta wa kuvunjwa ukawa wa magharibi, pamoja na mlango wake. Upanuzi wenyewe sikuupinga, hata mimi nilichoka kubanwa. Nilichotaka ni picha moja tu kabla ya nyundo, bibi amekaa mlangoni pake.

Nilipata matumaini niliposikia kwamba mgeni rasmi wa kuweka jiwe la msingi atakuwa yuleyule kijana wa fimbo, sasa mtu mzima na mkubwa serikalini, na kwamba mpiga picha ataletwa kutoka Tunduma. Nikaomba kwenye kikao. Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba yangu mdogo, mtoto wa bibi mwenyewe, kwa hiyo nilidhani nimefika. Alinisikiliza kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Akasema filamu siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi, na iliyopatikana ni ya mgeni rasmi. Bibi atapigwa siku nyingine. Nikamuuliza hiyo siku nyingine mlango utakuwa wapi.

"Mwalimu," akasema, "kaa chini."

Nilikaa. Jumamosi iliyofuata nikadandia lori la mahindi mpaka Tunduma, kumwona mpiga picha mwenyewe. Alikuwa mzee wa Kiislamu mwenyeji wa Tabora, studio yake iko karibu na mpaka, na filamu alizipata kwa wafanyabiashara wa Zambia. Alinikaribisha chai ya rangi, akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Filamu si yangu, mwalimu, ni ya kamati. Mimi napiga pale anaposimama mgeni."

Nilirudi juu ya magunia nimenuna. Tulipopita Ihanda nikaanza kuyafikiria vizuri maneno yale, nikajikuta natabasamu peke yangu. Kama yeye anapiga pale anaposimama mgeni, basi swali ni nani anayemsimamisha mgeni. Kamati ilidhani ni yenyewe, kwa sababu imejenga upinde wa majani ya migomba mbele ya mlango wa wanaume. Lakini kwetu mgeni akishuka garini haangalii majani. Anapokewa na akina mama kwa wimbo na vigelegele, na anaenda kule wimbo unakotokea. Bila sisi hana pa kuelekea.

Nikawaeleza akina mama wa kwaya. Wawili waliogopa waume zao, wengine walicheka hadi wakashika mbavu, mwishowe wote wakakubali. Nilipomweleza bibi, aliniuliza jambo moja tu, kama itambidi avae viatu.

Siku ya siku wazee walijipanga chini ya upinde, suti zimepigwa pasi za mkaa. Gari la serikali likaja, mgeni akashuka, na hapo ndipo palipotokea kimya ambacho nadhani baba mdogo hakukisahau mpaka anaingia kaburini. Hakuna aliyeimba. Mgeni alisimama anatazama huku na huku, mkono ameunyoosha nusu. Kisha nyuma ya kanisa wimbo ukapasuka, na vigelegele juu yake. Mgeni akacheka, akaacha upinde, akazunguka ukuta kuufuata, wazee nyuma yake na mpiga picha anakimbia na kamera yake kifuani.

Alitukuta tumejipanga pande zote mbili za mlango. Katikati, kwenye kigoda, bibi amekaa na kitenge chake kipya, miguu mitupu. Mgeni akainama, akampa shikamoo. Kisha akaangalia juu, akasema alifika hapa zamani, mwaka wa mwanzo wa Uhuru, wala hakujua kama kuna mlango upande huu. Nikamtafsiria bibi kwa Kinyiha. Bibi akajibu neno moja, na mimi nikalitafsiri bila kulipaka asali.

"Hukuuliza."

Wazee waliangalia chini. Mgeni akavua kofia, akasimama kando ya kigoda. Mpiga picha akapiga.

Baba mdogo alininunia wiki nzima. Nikimwamkia anaitikia kwa kukohoa. Nilisikitika, maana nilimpenda, ila sikujuta. Na kazi ilikuwa haijaisha, kwani mafundi walipokuja na nyundo walimkuta bibi amekaa mlangoni na kigoda chake. Akawaambia picha ni maneno ya watu mpaka ifike mkononi. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Hakuna fundi aliyethubutu kumbeba mama wa mwenyekiti, nao wakashinda wakicheza bao kivulini.

Picha ilipoletwa na lori kutoka Tunduma, baba mdogo aliichukua yeye mwenyewe. Nilikuwa pale mlangoni na bibi nilipomwona anakuja, nikajiandaa kwa ugomvi. Hakunitazama. Alichuchumaa mbele ya mama yake, akamwekea picha mapajani. Bibi akaipapasa kwa viganja, akaiinua karibu na macho, akaishusha. Hakuona kitu.

"Mlango unaonekana?" akauliza.

"Unaonekana, mama. Kuanzia kizingiti mpaka juu."

"Na watoto wa wenzangu, wamo?"

Baba mdogo akawataja mmoja mmoja, na kwa kila mmoja akasema ni binti au mjukuu wa nani katika wale waliokanyaga udongo. Sikujua kwamba anawajua.

"Na mimi nipo?"

"Upo, mama. Wewe ndiye uko katikati. Mgeni yuko pembeni."

Bibi akaikumbatia ile picha, akanishika bega, akainuka. Kisha akawageukia mafundi.

"Haya, vunjeni."