Jina la Mwashi Mnarani

Kwa miaka thelathini Ghunaim, mchonga maandishi wa ngome iliyo juu ya Mto Asi, alichonga majina ya masultani na maamiri, na hata siku moja hakumwonea mtu wivu. Wale walikuwa wakubwa. Hakupata kula nao sahani moja. Lakini tetemeko lilipoangusha mnara wa mashariki, mwashi Mufarrij akausimamisha upya kwa miezi saba, amiri alifurahi mno akaamuru jina la mwashi liandikwe mwishoni mwa maandishi ya ukarabati. Mufarrij! Jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeingia mjini bila viatu, asiyejua alifu wala bee!

"Hata jina lake lenyewe hawezi kulisoma," Ghunaim alimlalamikia mkewe Sutaita, mkate ukimpolea mkononi.

"Na wewe unayelisoma, ulijenga mnara gani?"

Ghunaim akasukuma sahani.

Jiwe lilimchukua siku kumi na moja. Bismillahi, jina la sultani na sifa zake, mwaka, vyote alivizamisha barabara. Alipofika kwa Mufarrij, mkono ukawa mwepesi. Akalikwaruza juu juu tu jina hilo, ili mvua chache za majira ya baridi zilifute.

Kabla jiwe halijapandishwa, msimamizi wa ujenzi alipitisha kidole juu ya maandishi. Kidole kikasimama.

"Fundi, hapa patasi yako ilisinzia?"

"Jiwe ni gumu hapo, bwana."

"Basi ongeza nguvu. Nataka kidole changu kizame."

Akasimama pale pale kumwangalia. Ghunaim akapiga nyundo kwa hasira, na kila alivyochimba ndivyo herufi zilivyonenepa. Jiwe lilipokaa ukutani na jua la asubuhi kulimulika, aliyekuwa sokoni aliona neno moja tu: Mufarrij.

Jioni Mufarrij akabisha hodi na kapu la tini.

"Jirani, wenye kusoma wameniambia! Eti hata la sultani halionekani hivyo. Kumbe unanipenda kiasi hiki?"

"Ni kazi tu," Ghunaim alijibu.

"Kazi gani! Mama analia kwa furaha tangu asubuhi."

Akamkumbatia, akamwachia vumbi la chokaa begani, akaenda zake. Sutaita alicheka hadi akakaa chini. Ghunaim hakugusa tini hata moja. Tangu siku ile alikwenda kazini kwa lango la kaskazini, asipite chini ya mnara ule, ingawa njia yake ilikuwa ndefu, tena ya kupanda mlima.